Dume, jike na madhabahu: njia nne za kusoma sheria ya sadaka ya Israeli ya kale

Mambo ya Walawi sura ya 12 ina mistari minane tu, lakini imewakwamisha walimu wengi wa Biblia, nami nikiwa mmoja wao. Mwanamke akizaa mtoto wa kiume, anakuwa najisi siku 7, kisha anakaa siku 33 nyingine bila kugusa kitu kitakatifu wala kuingia patakatifu. Akizaa wa kike, siku ni 14, kisha 66. Arobaini kwa themanini. Siku zikitimia analeta mwana-kondoo wa mwaka mmoja wa sadaka ya kuteketezwa, na kinda la njiwa au hua wa sadaka ya dhambi. Kama kondoo hamudu, analeta ndege wawili.

Jioni moja nilikuwa nawafundisha akina mama sura hii. Kabla sijafika mstari wa mwisho, mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, kwani kuzaa binti ni dhambi mara mbili?" Nilimwomba anipe wiki moja. Niliporudi kwenye vitabu nikakuta majibu yapo, tena mengi, na kila moja lina watu wake. Ugumu ukawa kuchagua: lipi la kupeleka mbele ya watu, na kwa swali gani.

Hapa chini nimeweka bega kwa bega njia nne za kusoma sheria hizi. Nimezipima kwa vigezo vilevile, na mwisho nimesema ipi imfae nani.

Jinsia ya nani?

Kwa muda mrefu nilizungumzia "wanawake na sadaka" kana kwamba ni jambo moja. Sivyo. Katika Torati jinsia inaingia mahali patano, na kila mahali pana kanuni yake. Mabishano mengi niliyoyasikia yalikuwa ya watu wawili waliosimama mahali tofauti bila kujua.

Kuna jinsia ya mnyama. Sadaka ya kuteketezwa, ile inayoishia motoni yote, ikitoka katika ng'ombe, kondoo au mbuzi lazima awe dume asiye na kilema. Sadaka ya amani, ambayo nyama yake huliwa, inakubali dume au jike. Sadaka ya dhambi katika Walawi 4 inafuata cheo: kuhani aliyetiwa mafuta analeta fahali mchanga, kusanyiko zima vilevile, mtawala analeta beberu, na mtu wa kawaida analeta mbuzi jike au kondoo jike. Ng'ombe mwekundu wa Hesabu 19, ambaye majivu yake hutiwa maji ya kumtakasa aliyegusa maiti, ni jike. Ndege hawaulizwi jinsia.

Kuna jinsia ya mletaji. Wanawake wanaleta sadaka: aliyejifungua, aliyetokwa damu kwa muda mrefu nje ya hedhi yake, na mnadhiri, yaani mtu aliyejitenga kwa Bwana kwa nadhiri, kwa kuwa sheria ya nadhiri hiyo katika Hesabu 6 inaanza kwa kutaja mwanamume au mwanamke. Hana alipanda kwenda Shilo na mtoto wake Samweli, na ng'ombe, unga na divai. Lakini wanaoamriwa kuhudhuria mbele za Bwana mara tatu kwa mwaka ni wanaume, ingawa Kumbukumbu la Torati 16 linawataja pia binti, mjakazi na mjane miongoni mwa watakaofurahi katika sikukuu.

Kuna anayechinja. Wengi hudhani ni kuhani. Katika Walawi 1 aliyemleta mnyama ndiye anayemwekea mkono kichwani na kumchinja. Kuhani anaanza kazi kwenye damu. Je, huyo mletaji anaweza kuwa mwanamke? Kiswahili chetu hapa kinatuficha jambo, maana "atamchinja" haisemi ni mume au mke. Kitenzi cha Kiebrania kinasema, nacho ni cha kiume, ila lugha hiyo hutumia umbo la kiume hata kwa mtu yeyote. Sheria yenyewe inaanza na neno adamu, yaani mtu. Sura ya 2, inayohusu sadaka ya unga, inaanza na neno la nafsi, ambalo katika Kiebrania ni la kike, na kitenzi chake kinalifuata. Sarufi peke yake haimalizi ubishi huu.

Kuna kuhani, naye ni mwanamume wa ukoo wa Haruni asiye na kilema. Hapa pasijadiliwe sana, sheria iko wazi.

Na kuna mlaji. Vitu vitakatifu sana huliwa na wanaume wa ukoo wa makuhani peke yao. Kidari na paja la sadaka za amani huliwa na wana wa Haruni na mabinti zake pia, mahali palipo safi.

Vigezo

Kila njia nimeiuliza maswali manne. Inaeleza nini, mnyama, binadamu, au wote? Inasimama juu ya maneno ya sheria, au inajaza ukimya wake? Inafanyaje inapofika penye miiba: siku themanini, ng'ombe mwekundu, mbuzi jike wa mtu wa kawaida? Na msikilizaji, hasa mwanamke, anaondoka na nini?

Njia ya kwanza: uhai na mauti

Msomaji mashuhuri wa njia hii ni Jacob Milgrom, rabi na mwanazuoni aliyetumia miaka mingi kwenye kitabu kimoja cha Walawi. Hoja yake ni kwamba unajisi ni alama ya mauti. Maiti, ukoma unaomla mtu akiwa hai, damu na shahawa zinapotoka mwilini, yote ni uhai unaovuja, na Mungu wa Israeli ni Mungu wa uhai, kwa hiyo vitu hivi havikaribii hema yake. Haisemwi kwamba mtu ametenda ovu.

Inaeleza nini. Inaeleza binadamu vizuri kuliko mnyama. Isome Walawi 15 kwa jicho hili uone ilivyopangwa: mwanamume mwenye kisonono, mwanamume aliyetokwa na shahawa, kisha mume na mke waliolala pamoja, kisha mwanamke mwenye hedhi, kisha mwanamke anayetokwa damu nje ya hedhi. Wa kwanza na wa mwisho wanafanana: wakipona wanahesabu siku 7, na siku ya 8 kila mmoja analeta ndege wawili. Sadaka moja kwa wote wawili. Na mwenye hedhi ya kawaida haleti sadaka yoyote.

Maneno ya sheria. Hapa njia hii ina nguvu kubwa, na kwetu sisi wa Kiswahili ina msaada wa pekee. Biblia zetu zinasema mama aliyejifungua huleta "sadaka ya dhambi". Neno la Kiebrania ni hatati, na Milgrom alishikilia kwamba maana yake ni sadaka ya kutakasa. Ushahidi uko ndani ya Torati yenyewe. Madhabahu hufanyiwa hatati inapowekwa wakfu, na madhabahu haiwezi kukosa. Mnadhiri anayemaliza nadhiri yake vizuri analeta hatati, naye amefanya jambo jema. Kitenzi cha mzizi uleule kinatumika kwa nyumba iliyokuwa na pigo la ukoma kwenye kuta. Damu ya sadaka hii hupakwa pembe za madhabahu, haipakwi mwili wa mtu. Kinachosafishwa ni mahali patakatifu.

Penye miiba. Hapa inachechemea. Kwa nini themanini? Mauti na uhai havitoshi, maana damu ya uzazi haizidi kwa kuwa mtoto ni wa kike. Wapo wanaosema binti naye siku moja atapata hedhi na kuzaa, ndiyo maana siku zinahesabiwa mara mbili, zake na za mama. Wengine wanakumbusha jambo ambalo wakunga wanalijua, kwamba mtoto mchanga wa kike wakati mwingine hutoka matone ya damu siku za mwanzo kwa sababu ya homoni za mama. Ni maelezo yanayoingia akilini, ila sheria haisemi lolote kati ya hayo. Kuhusu mbuzi jike wa mtu wa kawaida, njia hii haina la kusema.

Msikilizaji. Anaondoka ameinua kichwa. Hajaambiwa kwamba mwili wake ni uchafu kuliko wa kaka yake. Kwa makanisa yetu Afrika Mashariki ambako bado wapo wanaowazuia wanawake walio hedhini au waliojifungua karibuni wasiingie ibadani, njia hii ina kazi ya kufanya, maana ukitaka kuishika Walawi 15 kwa mwanamke huna budi kuishika kwa mwanamume pia, aya kwa aya.

Njia ya pili: ukoo wa baba

Mwaka 1992 kilitoka kitabu cha Nancy Jay, mwanasosholojia wa Marekani, kilicholinganisha sadaka katika jamii nyingi, za Afrika na Hawaii zikiwemo, pamoja na Israeli ya kale. Aliona kwamba sadaka ya damu hushamiri pale ambapo urithi hupitia kwa baba. Kuzaliwa na mama kunaonekana kwa macho. Kuwa wa ukoo wa baba hakuonekani, kwa hiyo panahitajika tendo la hadharani la kukuthibitisha. Sadaka ndilo tendo hilo. Anayeruhusiwa kula na nani, kwenye madhabahu ya nani, ndiyo orodha ya ukoo.

Inaeleza nini. Inaeleza mlaji na kuhani kwa ukali ambao njia nyingine hazina. Chukua Walawi 22. Mtumwa aliyenunuliwa na kuhani kwa fedha yake anakula vitu vitakatifu vya nyumba ile. Binti wa kuhani, aliyezaliwa humo, akiolewa na mtu asiye wa ukuhani, hali tena. Akifiwa na mumewe au akiachwa, naye hana mtoto, anarudi nyumbani kwa baba yake na anakula chakula cha baba yake kama siku za usichana wake. Akiwa na mtoto, hali, kwa kuwa mtoto yule amemfunga na ukoo mwingine. Mfikirie mjane huyo akiingia mlango uleule aliotokea siku ya harusi: kinachoamua kama atapewa kipande cha nyama si imani yake wala tabia yake, ni kama tumbo lake liliwahi kuupa ukoo mwingine mtu.

Kitabu cha Ezra 2 kinaongeza ushahidi mwingine. Waliporudi kutoka Babeli, kulikuwa na wana wa Barzilai, watu wa ukuhani ambao babu yao alioa binti wa Barzilai Mgileadi na kuitwa kwa jina la upande huo wa mke. Walitafuta majina yao katika orodha za nasaba wasiyaone. Wakaondolewa katika ukuhani, wakakatazwa kula vitu vitakatifu sana mpaka atokee kuhani mwenye Urimu na Thumimu, vifaa vya kuuliza mapenzi ya Mungu.

Maneno ya sheria. Hapa pana udhaifu. Torati haisemi popote kwamba sadaka ni kwa ajili ya kuthibitisha ubaba. Hilo linatoka kwenye kulinganisha jamii, kisha linaletwa Israeli. Linaweza kuwa kweli, lakini mwalimu anayelitumia aseme wazi kwamba amelitoa nje ya maandiko.

Penye miiba. Siku themanini inaziona kama dalili nyingine ya mwelekeo uleule, hata kama haielezi hesabu. Kwa ng'ombe mwekundu inakwama: jike anakuwa chanzo cha utakaso kwa taifa zima. Hana inammeza kwa shida, mwanamke anayeleta ng'ombe na mtoto wa kiume na kuzungumza na kuhani kwa mdomo wake mwenyewe. Wapo wanaojibu kwamba mumewe Elkana alikuwapo. Alikuwapo, lakini nadhiri ya kumtoa mtoto ilikuwa ya Hana.

Msikilizaji. Anaondoka ameona nguvu zilivyopangwa, na pengine ana hasira. Msiikimbie hasira hiyo. Ila ukiipeleka njia hii peke yake mbele ya watu wa imani, watakuuliza kama Mungu yumo ndani ya sheria hizi au ni ukoo tu, nayo haina jibu, kwa kuwa haikutungwa kulijibu.

Njia ya tatu: hesabu ya zizi

Hii wafugaji hawahitaji kufundishwa. Katika zizi, madume na majike huzaliwa karibu sawa, lakini dume mmoja anatosha majike wengi. Majike ndiyo maziwa, ndiyo ndama wa mwakani. Madume yanayozidi huliwa, huuzwa, au hutolewa. Kwa hiyo sadaka inayoteketea yote ikidai dume, haikuua kesho ya mfugaji. Na mtu wa kawaida mwenye mbuzi wachache huenda hana dume wa ziada, anafuga majike kwa maziwa, basi sheria inapokea alicho nacho.

Inaeleza nini. Mnyama, tena kwa urahisi. Kwa binadamu inagusa kidogo kupitia Walawi 27, ambapo mtu aliyewekwa nadhiri hukadiriwa kwa shekeli: mwanamume wa miaka 20 hadi 60 ni 50, mwanamke 30, wa miaka 5 hadi 20 ni 20 kwa 10, wa mwezi mmoja hadi miaka 5 ni 5 kwa 3, aliyepita 60 ni 15 kwa 10. Wengi husoma makadirio haya kama thamani ya nguvu kazi. Angalia kwamba kwa wazee pengo la fedha ni dogo kuliko la watu wazima wenye nguvu, jambo linaloafikiana na hoja hiyo.

Maneno ya sheria. Sheria haitaji hesabu hii, na kuna andiko linaloipinga waziwazi. Malaki 1 anamlaani mdanganyifu aliye na dume katika kundi lake, akaweka nadhiri, kisha akamtolea Bwana kilicho na kilema. Kwa Malaki dume ndiye bora, ndiye anayefichwa. Bila shaka dume la mbegu, lililochaguliwa, ni tofauti na madume ya ziada. Hata hivyo andiko linatuonya tusiseme kwamba Israeli walimpa Mungu masalia.

Penye miiba. Siku themanini, kimya. Ng'ombe mwekundu, mkamilifu, asiyewahi kufungwa nira, kumchoma pamoja na ngozi, nyama, damu na mavi yake ni hasara kubwa ambayo hesabu ya zizi isingeikubali. Labda ndiyo maana ya tendo lenyewe, lakini hapo tumeshatoka zizini.

Msikilizaji. Anapumua, kwa kuwa "dume" limeacha kuwa sifa ya utukufu na limerudi kuwa mnyama. Njia hii ni fupi na inaeleweka haraka. Isibebeshwe mzigo wa kueleza makuhani.

Njia ya nne: jinsi marabi walivyoitekeleza

Njia tatu za juu zinauliza kwa nini. Hii inauliza ilifanyikaje. Chanzo chake ni Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya sheria ya marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, uliokusanywa karibu mwaka 200 BK, na mijadala ya Talmudi iliyofuata. Nakiri kwamba ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na nitakaa hapa kidogo.

Inaeleza nini. Inaeleza mchinjaji na mletaji, mahali ambapo Torati ilinyamaza. Mishna, katika sehemu ya Zevahimu, inasema kuchinja ni halali kukifanywa na asiye kuhani, na wanawake, na watumwa, hata kwa vitu vitakatifu sana. Wengi wakisikia hili hawaamini. Mwanamke alizuiwa asipokee damu, asinyunyize, asichome mafuta juu ya madhabahu, kisu hakikuzuiwa. Sehemu nyingine, Kidushini, inaorodhesha kazi za wanaume, kutikisa sadaka ikiwemo, kisha inatoa wanawake wawili wanaotikisa wenyewe: mke anayeshukiwa na mumewe wa Hesabu 5, na mnadhiri wa kike.

Kuhusu kumwekea mnyama mikono, Mishna inamweka mwanamke kati ya wasioweka. Lakini Rabi Yose na Rabi Shimoni walisema anaruhusiwa akitaka. Rabi Yose akaleta habari aliyosimuliwa na Aba Eleazari: walikuwa na ndama wa sadaka ya amani, wakamleta kwenye Ua wa Wanawake wa Hekalu, na wanawake wakaweka mikono juu yake. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mikono ile haikuwa sharti la sadaka. Ilifanywa ili kuwaridhisha wanawake nafsi zao. Mtu aliona wanawake wanataka kumgusa mnyama wao kabla hajachinjwa, akamtoa ndama alipokuwa, akamvusha mpaka pale waliporuhusiwa kusimama. Ndani ya mjadala wa kanuni, kuna mtu aliyewatazama nyuso zao.

Na kuna habari ya njiwa, katika sehemu ya Keritoti. Bei ya jozi ya ndege Yerusalemu ilipanda hadi dinari ya dhahabu, ambayo ni dinari 25 za fedha. Wanunuzi wakubwa walikuwa wanawake, wengine wakidaiwa jozi kadhaa kwa uzazi uliofuatana. Rabani Shimoni mwana wa Gamalieli akaapa kwa Hekalu kwamba hatalala usiku ule mpaka bei ifike dinari ya fedha. Akaingia kwenye baraza akafundisha: mwanamke mwenye uzazi tano analeta sadaka moja, anakula vitu vitakatifu, na zilizobaki si deni juu yake. Siku ileile ndege wakauzwa kwa robo za dinari. Mariamu, mama yake Yesu, alitoa ndege wawili kwa sheria hiihii, kama Luka 2 inavyoandika. Ukijua habari ya bei, jozi ile haionekani tena kama kitu kidogo.

Maneno ya sheria. Marabi wanasoma neno kwa neno, wakati mwingine kwa ukali unaomfungia mwanamke mlango. Torati ikisema "wana wa Israeli" wataweka mikono, wao wanasema: wana, si mabinti. Kasoro nyingine ni muda. Hekalu lilibomolewa mwaka 70 BK, na Mishna ikakusanywa zaidi ya miaka mia moja baadaye. Haiwezi kutumika kama picha ya mambo ya siku za Musa.

Penye miiba. Siku themanini zilizisumbua akili za Wayahudi mapema. Kitabu cha Yubile, cha karne ya 2 KK, kinasema Adamu aliingizwa Edeni baada ya siku 40 na mkewe baada ya 80, na sheria ikatoka hapo. Rabi Ishmaeli aliona mimba ya kiume hukamilika siku ya 41 na ya kike siku ya 81. Wenzake wakasema zote 41. Na Rabi Shimoni mwana wa Yohai alisema mwanamke kwenye uchungu huapa hatamkaribia tena mumewe, kisha hujuta. Akizaa wa kiume furaha ya watu humfanya ajute siku ya 7, akizaa wa kike siku ya 14. Maelezo haya sitayafundisha kama sababu. Lakini yanaonyesha kwamba swali la yule mama lina umri wa miaka zaidi ya elfu mbili.

Msikilizaji. Anaondoka na watu, badala ya nadharia. Hapendi kila anachosikia, ila anaona mikono na ndama na bei ya njiwa.

Kulingana na hali yako

Kama unahubiri au unaongoza kikundi ambacho wanawake wameumizwa na neno "najisi", anza na uhai na mauti, na usome Walawi 15 yote kwa sauti bila kuruka aya za wanaume. Tenga dakika kumi kwa neno hatati peke yake.

Kama uko chuoni, au unaandika kuhusu mamlaka, urithi na nani anahesabika, ukoo wa baba ndio utakaokupa maswali makali. Uanze na Walawi 22 na Ezra 2 kabla ya nadharia, ili andiko liwe mbele.

Kama swali limeishia kwenye mnyama, na wasikilizaji wako ni wafugaji, hesabu ya zizi inatosha, tena waache wao waieleze. Msome Malaki papo hapo ili wasione kwamba dume lilitolewa kwa kuwa halina thamani.

Kama mtu anakuuliza "mwanamke alifanya nini hasa pale Hekaluni?", nenda kwa marabi, na taja mwaka 70 na mwaka 200 ili asichanganye vipindi.

Kama unafundisha mahali ambapo Wakristo na Waislamu wanakaa pamoja, kama ilivyo miji mingi ya Pwani, utaulizwa kuhusu nifasi, yaani kipindi cha damu ya uzazi, na akika, mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto mchanga. Jibu kwa uangalifu. Siku arobaini za nifasi zinazojulikana kwetu hazitofautishi mtoto wa kike na wa kiume. Akika kwa wengi ni mbuzi wawili kwa wa kiume na mmoja kwa wa kike. Walawi 12 inafanya kinyume kwa yote mawili: siku zinatofautiana, sadaka haitofautiani. Usijenge undugu wala uadui juu ya mfanano huo, waonyeshe tu watu waone.

Na kama umeulizwa swali la yule mama, changanya. Mimi wiki iliyofuata nilifungua sura ileile na kumwomba asome mwenyewe mstari wa 6. Akasoma: kwa ajili ya mwana, au kwa ajili ya binti. Nikamwomba aendelee mpaka kwenye mwana-kondoo na kinda la njiwa. Akarudia mara mbili, kidole kikiwa juu ya mstari, akitafuta mahali ambapo kondoo wanakuwa wawili kwa binti. Hakupaona. Nikamweleza kuhusu hatati na madhabahu isiyokuwa na kosa, na kuhusu siku themanini nikamwambia kwamba hata marabi wa kale walibishana. Akachukua kalamu ya mwenzake akaandika pembeni ya ukurasa, herufi kubwa: KONDOO NI MMOJA.